Gari la EFI Linasumbua Sailensi: Tafuta Tatizo Kabla ya Kununua Kifaa

Corolla za miaka ya 90, Starlet, Carina, RAV4 za mwanzo, Noah za injini ya 3S: magari haya bado yamejaa Tanga, kuanzia Chumbageni hadi Pongwe, na malalamiko ya wenye nayo yanafanana. Sailensi, yaani mzunguko wa injini ukiwa hujakanyaga mafuta, inapanda na kushuka yenyewe. Gari linazima ukiachia mafuta kukaribia kipilefti. Au limesimama na bado linanguruma kama kuna mtu kalikanyaga. Dawa ya haraka nayo ni ile ile kila gereji: bisibisi kwenye skrubu ya throto (mlango wa hewa ya injini), gari linatulia siku mbili, kisha shida inarudi na nyingine juu yake.

Mwongozo huu unahusu magari ya petroli ya EFI, yaani petroli inapulizwa na nozeli kwa amri ya umeme, yenye throto ya kebo na kontroli boksi (kompyuta ya injini), yaani mengi yaliyotengenezwa kuanzia 1990 hadi miaka ya mwanzo ya 2000. Vipimo vilivyotajwa ni vya Toyota za wakati huo. Kama gari lako ni la kampuni nyingine, hatua hazibadiliki, ila namba zisome kwenye kitabu chake au kwenye stika iliyo chini ya boneti.

Utahitaji mita ya umeme ya kidijitali, kipande kifupi cha waya, chupa ya kupulizia maji, koleo lenye mdomo mrefu, tochi, spana namba 10 na 12, na kopo la kabu klina. Geji ya vakyumu na geji ya presha ya petroli unaweza kuazima. Fanya kazi mahali pa wazi, handibreki juu, gia kwenye P au fri, magurudumu yamewekewa kigingi. Na usiamini feni iliyosimama: feni ya umeme inawaka yenyewe injini ikipata joto, hata mkono wako ukiwa katikati yake.

Sailensi ni hewa

Ukitoa mguu kwenye mafuta, kisahani cha throto kinafunga karibu kabisa. Injini haizimi kwa sababu hewa bado ina vinjia: mwanya mwembamba unaozunguka kisahani, njia ya pembeni inayofunguliwa na kufungwa na valvu ya sailensi, na kiasi kidogo kinachopita kwenye valvu ya PCV, ile inayorudisha mvuke wa oili kwenye njia ya hewa, kutoka juu ya injini. Kontroli boksi inapima hewa hiyo, inasoma joto la injini, kisha inaamua nozeli zibaki wazi kwa muda gani. Hewa ikizidi, RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) inapanda. Ikipungua, RPM inashuka mpaka gari linazima. Ndiyo maana kazi inaanzia kwenye hewa, siyo kwenye tenki.

Kuna jambo moja ambalo ukilijua utaokoa nusu ya muda wako: gari lako linapima hewa kwa njia gani? Nissan nyingi na baadhi ya Toyota zina sensa ya MAF, ile inayokaa kwenye bomba mara baada ya ea klina. Kwa magari hayo, hewa inayoingia kwa mlango wa nyuma baada ya sensa haihesabiwi. Petroli inakuwa pungufu, injini inatetemeka, inakohoa na kuzima. Corolla za 5A, Starlet za 4E na 3S nyingi hazina MAF; zina sensa ya MAP, ambayo inasoma mgandamizo ndani ya manifoldi ya hewa (mabomba yanayogawa hewa kwa silinda). Kwa sensa hii hewa ya wizi inaonekana kama umekanyaga mafuta kidogo, basi kontroli boksi inaongeza petroli na sailensi inapanda. Tundu ni lile lile, tabia mbili tofauti. Ushauri wa mwenye Nissan unaweza kukupoteza wewe mwenye Corolla.

Ile sailensi inayocheza, RPM ikipanda hadi 1,800 hivi, ikaporomoka, ikapanda tena kwa mpigo mmoja, ina maelezo yake. Sensa ya throto inasema mguu haupo kwenye mafuta, lakini injini inazunguka kwa kasi. Kontroli boksi inaamini gari linashuka mteremko, inakata petroli. RPM ikishuka, inarudisha. Hewa ya ziada bado ipo, kwa hiyo RPM inapanda tena na mchezo unaendelea. Kontroli boksi hapo inafanya kazi yake sawasawa. Watu wengi wameuziwa nyingine ya mtumba kwa dalili hii hii, na kosa lilikuwa hozi ya vakyumu iliyopasuka.

Liangalie gari kabla ya kulifungua

Liwashe asubuhi likiwa baridi na uangalie geji ya RPM mpaka lipate joto kamili. Likiwa baridi, kati ya 1,200 na 1,600 ni kawaida, na kwa joto la Tanga halikai huko juu muda mrefu. Likishapata joto, tarajia kati ya 650 na 850.

Kama ipo juu hata injini ikiwa ya moto, fikiria hewa inayovuja, valvu ya sailensi iliyoganda wazi, kebo ya mafuta iliyokazwa mno, rejeta yenye maji pungufu au thermostati iliyotolewa. Kama ipo chini na gari linazima ukiachia mafuta ghafla, mshukiwa wa kwanza ni masizi kwenye throto. Ikishuka ukiwasha AC au taa, huenda throto ni chafu, valvu ya kuinua sailensi haifanyi kazi, au alteneta imechoka. Ikibadilika ukikanyaga breki, fuata hozi ya sevo (kifaa kinacholainisha breki). Ikibadilika ukizungusha usukani gari likiwa limesimama, kuna swichi au valvu kwenye pampu ya usukani, tutaifikia.

Na kabla hujaenda mbali: je, RPM inacheza, au ni bodi tu inayotetemeka? Mshale ukitulia kwenye 700 na gari linatetemeka sana ukiweka D lakini linatulia ukiweka N, mara nyingi ni mauntingi za injini zilizokufa. Mwambie mtu akanyage breki kwa nguvu, aweke D kisha R, wewe simama pembeni, usisimame mbele wala nyuma, uangalie injini inavyoruka. Ikiinuka kama inataka kutoka, umepata jibu bila kugusa kifaa cha umeme.

Betri, earthi na mabomba

Pima betri: injini ikiwa imezimwa iwe karibu volti 12.6, ikinguruma iwe kati ya 13.5 na 14.5. Kisha weka ncha moja ya mita kwenye terminali hasi ya betri, nyingine kwenye chuma cha injini, injini ikiwa inanguruma na taa zikiwa zimewashwa. Ikizidi takriban volti 0.1 hadi 0.2, earthi ni mbovu. Tanga hili ni jambo la kupewa uzito. Gari linalolala Raskazone au popote karibu na bahari linaota kutu ya chumvi kwenye kila boliti ya earthi, na sensa zote zinarudisha umeme wake kupitia njia hiyo hiyo. Fungua boliti, piga msasa mpaka chuma king'ae, funga, paka grisi kwa juu.

Angalia bomba kubwa kutoka ea klina hadi throto. Likunje kwa mikono, maana nyufa zinajificha ndani ya mikunjo. Ea klina iliyojaa vumbi la saruji au la barabara ya vumbi haiharibu sailensi mara moja, lakini igonge au ibadilishe uwe umemaliza nayo. Hakikisha kijiti cha oili kimekaa sawasawa na kifuniko cha oili kina raba yake. Gari likinguruma, fungua kifuniko hicho: sailensi ikibadilika, ni dalili njema kwamba hakuna hewa nyingi inayoingia kwingine. Isipobadilika hata kidogo kwenye gari la MAF, tayari kuna tundu mahali.

Kuisaka hewa ya wizi

Injini iwe imepata joto. Chukua koleo, funga mdomo wake kwa kitambaa, uanze kubana hozi za vakyumu moja moja, sekunde tatu nne kila moja, ukisikiliza.

Ukibana hozi ya PCV, RPM inatakiwa ishuke kidogo. Ikishuka sana na mtetemo ukaisha, valvu ya PCV imeganda wazi. Itoe, itikise; nzima inalia kwa kugonga ndani. Ni kifaa cha bei ndogo, usihangaike kuisafisha mara ya tatu.

Ukibana hozi ya sevo ya breki na sailensi ikatulia, diaframu ya sevo imepasuka. Mara nyingi utasikia pia sauti ya hewa karibu na pedali. Hili halisubiri mwisho wa mwezi, maana breki nazo zinakuwa nzito.

Kwenye Toyota nyingi, pampu ya usukani ina valvu ndogo yenye hozi mbili nyembamba, moja inakwenda kwenye manifoldi na nyingine kwenye njia ya hewa kabla ya kisahani cha throto. Kazi yake ni kuinua sailensi ukikata usukani. Ikichoka, inavujisha hewa muda wote, na ikichoka zaidi injini inanyonya oili ya usukani na kutoa moshi mweupe wenye ubuluu. Watu wamefungua injini kubadilisha ringi kwa moshi huo. Bana hozi zote mbili kwanza.

Baada ya hozi, nenda kwenye gasketi. Jaza maji kwenye chupa ya kupulizia, nyunyiza kidogo kidogo kwenye maungio ya manifoldi na kichwa cha silinda, kitako cha throto, na pale kila nozeli inapoingia, kuna raba chini yake. Maji yakiziba tundu kwa sekunde moja, mlio unabadilika. Kabu klina inaonyesha haraka zaidi, lakini ikidondokea ekzosi ya moto au waya wa plagi unaovujisha cheche, gari linawaka moto. Kwa injini kuukuu, maji yanatosha. Usinyunyizie distribyuta (kigawa moto wa plagi).

Mwenye geji ya vakyumu aiunganishe kwenye manifoldi. Tanga mjini ni usawa wa bahari, kwa hiyo injini nzima inasoma inchi 17 hadi 21 za zebaki kwenye sailensi. Lushoto iko karibu mita 1,400 juu, na geji inapungua inchi moja hivi kwa kila mita 300. Kwa hiyo inchi 14 kule Lushoto si ugonjwa, lakini inchi 14 Barabara ya Ishirini pale Ngamiani ni ugonjwa. Mshale ukitulia chini, ni hewa inayovuja au taimingi (wakati plagi inapotoa cheche) iliyochelewa. Ukidunda kwa mpigo, valvu moja haifungi.

Kusafisha throto na valvu ya sailensi

Hapa ndipo magari mengi yanapopona, kwa sababu masizi ya PCV yanajikusanya nyuma ya kisahani na kuziba ule mwanya mwembamba. Mlolongo ni huu:

1. Injini ipoe. Toa terminali hasi ya betri.
2. Toa bomba la hewa. Fungua kisahani kwa mkono, angalia kwa tochi upande wa nyuma. Ukiona ukingo mweusi mnene, ndio huo.
3. Kwa kazi nzuri, toa throto yote. Kuna hozi mbili ndogo za maji ya moto chini yake. Zibane kwanza, au maji ya rejeta yatamwagika. Weka alama kila hozi kwa karatasi ya gundi.
4. Pulizia kabu klina kwenye kitambaa, siyo kwenye sensa ya throto. Futa ukingo wa kisahani na mviringo wake wa ndani. Usitumie msasa wala waya. Baadhi ya throto zina rangi nyembamba ya kijivu inayoziba mwanya makusudi. Ukiikwangua utapata sailensi ya juu ambayo haitashuka tena.
5. Toa valvu ya sailensi kwa skrubu zake. Zinaganda, kwa hiyo tumia bisibisi inayoshika vizuri na uigonge kabla ya kuzungusha. Safisha mlango wake mpaka uzunguke bila kukwama. Usiuzungushe kwa nguvu ya koleo.
6. Pima koili zake. Aina ya Toyota yenye pini tatu, pini ya kati kwa kila pini ya pembeni isome takriban omu 17 hadi 25, na pande zote mbili zilingane. Upande mmoja usiposoma kitu, valvu imekufa.
7. Rudisha kwa gasketi mpya. Kaza boliti kwa msalaba, polepole. Jaza maji ya rejeta na utoe hewa yote, injini ikinguruma mpaka feni iwake na kuzima.

Hatua ya mwisho inarukwa sana. Maji yale ya moto yanapasha joto valvu ya sailensi. Kwenye injini za zamani zaidi kuna valvu yenye nta ambayo inafunga njia ya hewa kwa joto la maji hayo hayo. Mfuko wa hewa ukibaki ndani, valvu inajiona ipo baridi na sailensi inabaki juu. Anayejaza maji ya bomba matupu badala ya kulanti (maji maalumu ya rejeta) naye atakuta vinjia hivi vimejaa kutu baada ya miaka michache.

Kuhusu ile skrubu ya kusimamisha kisahani: iliwekwa kiwandani ili kisahani kisikwame kwenye ukuta, siyo kwa ajili ya kupandisha RPM. Ukiigusa, sensa ya throto inaacha kutambua kwamba mguu haupo kwenye mafuta, na kontroli boksi inaacha kusimamia sailensi. Kama imeshachezewa, irudishe mpaka kisahani kifunge, kisha izungushe kidogo tu hadi kisahani kiache kunata. Hapo ndipo urekebishe sensa ya throto.

Kazi ikiisha, sailensi inaweza kuwa ya ajabu kwa dakika kumi za kwanza. Kontroli boksi ilizoea throto chafu, na sasa inajifunza upya. Iache.

Uliza kontroli boksi

Toyota hizi zina kisanduku kidogo chini ya boneti kilichoandikwa DIAGNOSIS. Injini iwe na joto, AC na taa zimezimwa, swichi iwe ON bila kuwasha. Unganisha matundu yaliyoandikwa TE1 na E1 kwa kipande cha waya, kisha hesabu taa ya injini inavyowaka kwenye dashibodi. Ikimetameta haraka kwa mpigo sawa, hakuna hitilafu iliyohifadhiwa. Vinginevyo inatoa namba ya tarakimu mbili: iwake mara mbili, itulie, iwake mara mbili, hiyo ni 22.

Zinazohusu sailensi zaidi ni 22, sensa ya joto la maji. 24, joto la hewa. 31, sensa ya MAP au kipima hewa. 41, sensa ya throto. 21, sensa ya oksijeni. Na 12, 13 au 14 ambazo zinahusu mfumo wa moto wa plagi. Kumbuka namba inataja njia ya umeme, haisemi kifaa kimekufa. Waya uliokatwa na sensa iliyoungua vinatoa namba moja. Kwenye Toyota zenye soketi ya pini 16 chini ya usukani, pini za kuunganisha ni 4 na 13. Hesabu mara mbili kabla ya kuchomeka, kwa sababu pini 16 ina umeme wa betri moja kwa moja.

Ukishatengeneza, futa kumbukumbu kwa kutoa fyuzi ya EFI angalau sekunde 10, kisha pima tena. Usifute kabla hujaandika namba.

Sensa za kupima kwa mita

Sensa ya joto la maji inayopeleka taarifa kwa kontroli boksi ni ile yenye waya mbili. Ya waya mmoja ni ya geji ya dashibodi. Kwa nyuzi 20 isome omu 2,000 hadi 3,000, kwa nyuzi 80 omu 200 hadi 400. Asubuhi ya kawaida Tanga, nyuzi 30 hivi, tarajia kama 1,600. Ikisoma vizuri baridi na bado gari linakunywa mafuta likiwa la moto, pima tena likiwa la moto.

Sasa thermostati. Mtindo wa kuitoa eti gari lisichemshe kwenye joto letu umeenea, na ndiyo chanzo kimojawapo cha sailensi ya juu kisichoshukiwa na mtu. Thermostati ya injini hizi inaanza kufungua karibu nyuzi 82. Bila hiyo, ukienda Muheza au Segera kwa mwendo mzuri, maji yanabaki ya vuguvugu, kontroli boksi inadhani injini haijapata joto, inaongeza petroli na kuinua sailensi. Plagi zinakuwa nyeusi na oili inachafuka. Gari linalochemsha lina rejeta iliyoziba, feni mbovu au gasketi ya hedi. Rudisha thermostati, tibu kinachochemsha.

Sensa ya MAP: swichi ON, injini haijawashwa, kati ya waya wa VC na E2 kuwe na volti 4.5 hadi 5.5, na waya wa PIM usome 3.3 hadi 3.9. Ukiwasha, PIM ishuke hadi kwenye volti 1.5 hivi. Isiposhuka, angalia hozi yake nyembamba kabla ya kuilaumu. Ikiwa imechomoka, imepasuka au imejaa oili, sensa inadhani umekanyaga mpaka chini; matokeo yake ni moshi mweusi na plagi zilizolowa.

Sensa ya throto isome volti 0.3 hadi 0.8 kisahani kikiwa kimefungwa, na ipande taratibu bila kuruka ukifungua. Mita ya mshale inaonyesha mruko vizuri kuliko ya kidijitali.

Moto wa plagi

Injini ikiwa na mtetemo na RPM ya chini, tafuta silinda isiyofanya kazi. Chomoa soketi ya nozeli moja moja injini ikinguruma. Kila ukichomoa, mlio unatakiwa ushuke kwa kiasi kilekile. Silinda ambayo ukichomoa hakuna kinachobadilika ndiyo iliyolala. Usichomoe waya za plagi kwa kazi hii: unaweza kuunguza igniter (kifaa cha umeme kinachoendesha koili ya plagi), utapigwa shoti, na petroli isiyoungua itamiminika kwenye masega (kisafisha moshi kilicho kwenye ekzosi).

Ukishaipata, hamisha plagi yake kwenda silinda nyingine na urudie. Tatizo likihama, umemaliza. Lisipohama, hamisha waya. Waya wa plagi usizidi omu 25,000. Kisha pima nozeli, nyingi za Toyota ni karibu omu 13.8.

Distribyuta inastahili tochi na usiku. Unyevu wa masika na hewa ya chumvi vinaota ukungu wa kijani kwenye ncha za shaba ndani ya kifuniko, na nyufa nyembamba kama unywele zinapitisha cheche pembeni. Fungua boneti gizani, injini ikinguruma, nyunyiza ukungu mwembamba wa maji kwenye waya tu. Ukiona vimeta vya bluu vikitambaa, badilisha waya na kifuniko pamoja. Ndani kukiwa na oili, oringi ya shafti imechoka. Kifuniko kipya bila oringi mpya ni pesa ya bure.

Taimingi ipimwe kwa taa ya taimingi, TE1 na E1 vikiwa vimeunganishwa: kwa 5A na 3S za distribyuta ni nyuzi 10 kabla ya pistoni kufika juu kabisa. Bila kuunganisha, unapima kitu ambacho kontroli boksi inakibadilisha kila sekunde.

Petroli

Petroli naiweka nyuma kwa makusudi, kwa kuwa pampu na nozeli ni ghali na mara nyingi hazina kosa. Funga geji ya presha baada ya filta. Kwenye mfumo wenye bomba la kurudishia, injini ikinguruma isome psi 30 hadi 37. Ukichomoa hozi ya vakyumu ya regyuleta (kifaa kinachosimamia presha ya petroli) ipande hadi kati ya 38 na 44. Isipopanda, regyuleta imekufa. Harufu au tone la petroli ndani ya hozi hiyo lina maana diaframu yake imepasuka, na injini inakunywa petroli kwa mlango wa pembeni.

Zima gari, usubiri dakika 5. Presha ibaki juu ya psi 21. Ikianguka haraka, kuna nozeli inayodondosha au valvu ya pampu haishiki. Hilo ndilo gari ambalo likiwa la moto ukilizima dukani linagoma kuwaka, kisha linawaka kwa kutetemeka.

Filta ya petroli ikiwa haina historia, ibadilishe tu. Petroli ya kununua kwenye chupa njiani inaingia na maji, na maji yanakaa chini ya tenki yakingoja.

Injini yenyewe

Ukifika hapa bado inasumbua, pima kompresheni. Plagi zote nje, nozeli na mfumo wa moto vimechomolewa, mafuta yamekanyagwa mpaka chini, betri imejaa. Injini ya 4A au 5A nzima inakaribia psi 190, ya chini kabisa inayokubalika ni 142, na tofauti kati ya silinda isizidi 14. Ikipanda ukiweka kijiko cha oili, ringi zimeisha. Isipopanda, ni valvu.

Masega yaliyoziba yanajionyesha kwenye geji ya vakyumu: shikilia RPM 2,500, na mshale utaanza vizuri kisha utashuka polepole. Valvu ya EGR (inayorudisha moshi kidogo ndani ya injini) iliyoganda wazi kwa masizi inatetemesha sailensi lakini gari linakwenda vizuri barabarani, itoe, isafishe.

Kuna hitilafu za waja leo waondoka leo, ambazo zinajificha siku ya fundi. Kwa hizo, injini ikinguruma, tikisa kila soketi kwa upole, gonga relei kubwa ya EFI kwa mpini wa bisibisi, pasha joto igniter kwa kikausha nywele. Angalia pia chini ya zulia la abiria wa mbele, mahali maji ya AC yanapodondokea. Kwenye magari yenye kontroli boksi upande huo, pini zake zinaota kutu taratibu.

Baada ya matengenezo, liendeshe gari kama dakika 20 mpaka lipate joto kamili. Kisha simama, washa AC, taa na feni ya ndani, kata usukani hadi mwisho na ukanyage breki, vyote kwa pamoja. RPM itikisike kidogo na kurudi ndani ya sekunde mbili. Ikizama chini ya 600, rudi kwenye valvu ya sailensi.